UZI: Pilipili za ndani chini ya taa — hatua ya maua, na kwa nini maua yanapukutika

TaaNaMche
Wadau, salaam. Kuna swali linalojirudia kila wiki: mche umestawi, majani yanang'aa, matumba yamejaa kila kiungo, halafu yote yanaishia sakafuni. Jibu la haraka huwa "ongeza mbolea ya maua". Mara nyingi jibu hilo si sahihi, ndiyo maana nafungua uzi huu. Tujadili hatua ya maua tu, kuanzia tumba la kwanza hadi tunda lishike. Habari za kuotesha mbegu na kinyausi (ugonjwa wa miche kunyauka) zina nyuzi zake.

Nianze na utambuzi, maana watu wanatibu ugonjwa wasioujua. Okota ua lililodondoka ulitazame vizuri.

Ukiokota petali peke yake na huku kwenye mmea kikonyo kimebaki na kitu cha kijani mfano wa kichwa cha kiberiti, hapo hakuna tatizo. Ua limechavushwa, petali zimemaliza kazi, tunda limeanza. Wageni wengi wanapata presha bure hapa.

Ukiokota ua lililokuwa limefunguka, likiwa na kikonyo chake kilichogeuka njano na kukatika pale kinapoungana na shina, uchavushaji umeshindikana. Sababu kubwa ni joto, unyevu wa hewa, au hewa kutotikisika.

Ukiokota matumba madogo ambayo hayajafunguka kabisa, mmea wenyewe umeamua kuyatupa. Hapo shuku mwanga hafifu, joto kali la usiku, kiu, au thiripi (wadudu wadogo wembamba) ndani ya tumba. Hizi ni hali tatu tofauti na kila moja ina dawa yake.

Vipimo vya kulenga: joto la wakati taa zinawaka 21 hadi 27, wakati wa giza 16 hadi 20, unyevu wa hewa asilimia 50 hadi 70. Mchana ukipita 32, chavua inapoteza nguvu hata kama mmea unaonekana mzima. Usiku ukikaa juu ya 24, matumba yanaanza kudondoka. Usiku ukishuka chini ya 14 au 15 unapata vitunda vifupi, bapa, visivyo na mbegu, kwa sababu chavua haikufanya kazi sawasawa.

Kipimajoto kiwe usawa wa maua na kifunikwe kisipigwe na taa moja kwa moja. Kikining'inia chini ya taa kitakudanganya, kikilazwa sakafuni kitakudanganya kinyume chake.

Mgeni_Bustanini
Mkuu ahsante kwa kufungua. Nina swali la msingi. Nimesoma sehemu kwamba mmea wa ndani hautoi maua mpaka uupe saa 12 za mwanga na saa 12 za giza. Pilipili zangu ziko kwenye saa 16. Nipunguze?

Kikonyo
Usipunguze, ndugu. Hiyo ratiba ni ya mimea ya siku fupi: krisanthemamu, poinsettia, kalanchoe na wenzao. Hao wanapima urefu wa giza. Watafiti Garner na Allard walilionyesha hilo mwaka 1920 kwa tumbaku na soya, na baadaye ikajulikana kwamba kipimo chenyewe ni protini ya fitokromu ndani ya jani, inayogeuka hali kwa mwanga mwekundu wa nanomita 660 na ule wa mwisho wa wekundu wa 730. Krisanthemamu ukiikatizia giza kwa taa hafifu katikati ya usiku kwa saa chache, haitoi maua. Wakulima wa maua wanatumia ujanja huo makusudi ili mmea urefuke kwanza.

Pilipili haijali. Nyanya pia haijali. Inatoa maua ikishafikisha umri na ikiwa na sukari ya kutosha, basi. Ua la kwanza linakaa pale shina linapogawanyika panda, kwa kawaida baada ya majani 8 hadi 12. Ukiipunguzia saa hadi 12 unaipunguzia chakula tu.

Hesabu (mikromoli ni kipimo cha mwanga ambao mmea unautumia): mwanga wa mikromoli 450 kwa mita ya mraba kwa sekunde, mara saa 16, mara sekunde 3,600, gawanya kwa milioni moja. Unapata moli 25.9 kwa siku. Kwa saa 12 unapata 19.4. Umepoteza robo ya mwanga bila faida yoyote.

TaaNaMche
Naongezea: msiende upande wa pili mkaacha taa saa 24. Nyanya ikikosa giza majani yanapauka na kupata madoa ya njano, na pilipili nayo majani yanaanza kujikunja. Saa 14 hadi 16 zinatosha. Taima ya soketi ifanye kazi hiyo, si mkono wa mtu.

MamaMiche
Naomba mtu aelezee hizo mikromoli kwa lugha ya mtu asiye na kifaa. Wengi wetu tuna simu tu.

Fundi_Waya
Dada, simu inasoma lux kupitia programu ya kupima mwanga. Ukiwa na LED nyeupe, gawanya lux kwa 65 hadi 70 upate makadirio ya mikromoli. Lux 30,000 ni kama 430 hadi 460. Kwa taa za zambarau zile za nyekundu na bluu hesabu hii haifai kabisa, kwa sababu lux imetengenezwa kwa jicho la mtu na jicho halioni nyekundu na bluu vizuri. Weka kipande cha karatasi nyeupe juu ya kihisio cha simu kama namba zinarukaruka, ila ujue kinapunguza kipimo, hivyo kitumie kulinganisha sehemu na sehemu tu.

Pima pembe zote nne na katikati, usawa wa ncha za mmea. Utashangaa pembe zina nusu ya katikati. Ndiyo maana mmea wa pembeni unatupa matumba na wa katikati unabeba, na mwenye mimea anadhani ni mbegu mbaya.

Malengo ya hatua ya maua ni 400 hadi 600. Chini ya 250 pilipili inaishi, inatoa majani mazuri, lakini matumba yanaondoka.

Sasa wati. Taa nzuri ya kisasa inatoa kama mikromoli 2.5 kwa kila joule moja ya umeme (wati 1 ni joule 1 kwa sekunde). Hema la kukuzia mimea ndani, la sentimita 60 kwa 60, ni mita za mraba 0.36. Ukitaka 450 unahitaji 162 zifike juu ya majani. Toa asilimia 20 zinazopotelea kwenye kuta, inakuja wati 81 za kweli kutoka kwenye soketi. Hema la mita 1 kwa 1, wati 225. Hizo "wati 1000" zinazoandikwa kwenye maboksi ya taa za bei rahisi zipuuzeni. Soma ni wati ngapi inavuta kwenye umeme, hiyo ndiyo namba. Wati 100 kwa saa 14 ni uniti 1.4 kwa siku, uniti 42 kwa siku 30. Kila mtu atapiga kwa bei ya kwake.

Na jambo la usalama kabla hamjasahau: waya wowote unaoingia kwenye soketi uachieni upinde kidogo ushuke chini ya soketi kwanza, ili maji yakitiririka juu ya waya yadondoke pale kwenye upinde yasiingie kwenye umeme. Mkebe wa kibadilishi umeme wa taa ukae nje ya hema. Unapunguza joto na hatari kwa pamoja. Soketi za kuunganisha zisilale sakafuni. Na saketi iwe na kikata-umeme kinachozima umeme unapovuja.

Zeze la Shambani
Mimi nabaki na msimamo wangu kwamba mbolea yenye fosforasi nyingi inasukuma maua. Makopo yote yameandikwa "bloom", yaani kuchanua, haiwezekani kampuni zote zikosee.

Kikonyo
Hazijakosea mzee wangu, zinauza. Tuangalie mmea unatumia nini. Myeyusho unaotosha pilipili iliyo kwenye maua na matunda una naitrojeni miligramu 150 hadi 200 kwa lita, fosforasi 30 hadi 50, potasiamu 200 hadi 300, kalsiamu 150 hadi 200, magnesiamu 40 hadi 60. Tazama fosforasi ilivyo ndogo. Kinachopanda wakati wa matunda ni potasiamu.

Fosforasi ikizidi inaminya chuma na zinki visipatikane kwa mmea. Unaona majani machanga yamepauka katikati ya mishipa, unadhani mmea una njaa, unaongeza tena kopo lile lile. Mzunguko huo umeua mimea mingi.

Kinachozuia maua upande wa mbolea ni naitrojeni iliyopita kiasi, hasa ya amonia au yurea. Dalili: majani makubwa, kijani cha kuelekea weusi, viungo virefu, matumba machache. Hapo unapunguza, huongezi.

Zeze la Shambani
Sawa, lakini mwenye udongo wa kawaida na mboji hawezi kupima miligramu. Afanye nini?

Kikonyo
Swali zuri. Mwenye udongo ulioshiba mboji asifanye mengi. Mbolea kamili yenye potasiamu sawa na au zaidi ya naitrojeni, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, mara moja kwa wiki kuanzia matumba ya kwanza. Akiona ncha za majani zinaungua kahawia, amezidisha: amwagilie maji matupu mengi yatoke chini, kisha apumzike wiki mbili.

Mwenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) ana hesabu nyingine. Kokopiti haina chakula, na tena inashika kalsiamu na magnesiamu huku ikiachia potasiamu na sodiamu. Kabla ya kupanda iloweke kwenye maji yenye kalsiamu naitreti usiku mzima, iache ichuje. Halafu kila umwagiliaji uwe na mbolea. Kipimo cha chumvi kwenye maji, yaani EC (milisimensi kwa sentimita), kianzie 1.2 kwa miche na kupanda hadi 1.8 au 2.4 wakati wa maua na matunda. pH 5.8 hadi 6.2 kwa kokopiti, 6.0 hadi 6.8 kwa udongo. Mchanganyiko wa kokopiti sehemu 7 na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba) sehemu 3 unapumua vizuri.

Chavua
Mnazunguka mbolea wakati hewa haijazungumzwa. Maua mengi ya ndani yanakufa kwa sababu ya hewa.

Chukueni mfano huu. Taa zinawaka, joto 26, unyevu asilimia 60. Kila kitu kizuri kwenye karatasi. Taa zinazima, joto linashuka hadi 18. Mvuke uliokuwemo haujaenda popote, ila hewa baridi haiwezi kuubeba. Ukipiga hesabu, ile 60 inakuwa karibu 98. Na huo ni mvuke uliokuwepo tu, bado mimea na udongo uliolowa havijaongeza wa kwao. Maji yanatonea kwenye petali, na ukungu wa kijivu unaanzia kwenye petali zilizozeeka na kushuka hadi kwenye kikonyo.

Kwa hiyo feni ya kutoa hewa isizimwe pamoja na taa. Ukiwa na feni moja tu ya kutoa, basi iendelee usiku kucha, hata kwa kasi ndogo. Kumwagilia kufanyike asubuhi ya mimea, yaani saa ya kwanza au ya pili baada ya taa kuwaka, ili udongo uwe umepunguza maji kabla ya giza.

Ukubwa wa feni: piga urefu mara upana mara kimo. Hema la sentimita 60 kwa 60 kwa 140 lina mita za ujazo 0.5. Kubadilisha hewa yote kila dakika ni mita za ujazo 30 kwa saa. Ongeza kama una bomba refu lenye kona au kichujio cha mkaa, maana vinaikaba feni. Feni ya pili ndogo, ya kupuliza ndani, ielekezwe juu kidogo ya mimea. Majani yatikisike kidogo tu. Yakipeperuka muda wote, yanakauka kingo na kujikunja.

MamaMiche
Feni ya ndani inatosha kuchavusha?

Chavua
Wakati mwingine. Ua la pilipili lina dume na jike ndani yake na linajichavusha. Mikebe ya chavua inapasuka kwa urefu, chavua inakuwa nje nje, kwa hiyo mtikiso mdogo unatosha. Nyanya ni ngumu zaidi kwa sababu mikebe yake imeungana kama bomba na chavua hutoka kwa tundu la ncha. Hiyo inahitaji mtetemo hasa. Mswaki wa umeme ukiugusisha nyuma ya kikonyo kwa sekunde 2 au 3 unafanya kazi kwa mimea yote miwili. Gusa kikonyo, usiguse petali.

Muda ni muhimu. Fanya katikati ya kipindi cha mwanga, ua likiwa limefunguka na unyevu uko kati ya 50 na 70. Ukipita 80 chavua inashikana madonge na haitoki. Chini ya 40 stigma, sehemu ya jike inayopokea chavua, inakauka na chavua ikitua haioti. Ua linabaki wazi siku 2 hadi 3, hivyo kila siku au siku moja moja inatosha.

Njia ya kujua kama chavua ipo: pitisha ncha ya kidole au kipande cha karatasi nyeusi ndani ya ua. Ukiona vumbi la krimu, ipo. Ukipitisha maua kadhaa hupati kitu, joto ndilo la kwanza kushukiwa, na kulitikisa ua hakutasaidia kwa sababu hakuna cha kutikisa.

Jambo jingine linalosahaulika ni gesi ya ethilini. Pilipili inaihisi haraka na kudondosha matumba. Jiko la gesi au hita ya gesi inayowaka vibaya karibu na mimea, au tenga la matunda yanayoiva kwenye chumba hicho hicho, vinatosha kuleta hasara.

Mgeni_Bustanini
Hali ya kwangu: hema la 60 kwa 60, pilipili mbuzi mbili, ndoo za lita 11 kila moja, joto la mchana 31, usiku 26, unyevu 45. Maua yanafunguka vizuri kisha siku ya tatu yanadondoka na kikonyo. Majani hayana shida. Taa ni wati 150.

TaaNaMche
Umejijibu kwenye namba zako. Usiku 26 peke yake unatosha kuangusha maua. Na wati 150 kwenye eneo hilo ni karibu mara mbili ya unachohitaji. Kila wati hugeuka joto mwisho wa safari.

Kwa mpangilio huu: kwanza punguza taa hadi kama asilimia 60 kama ina kitufe cha kupunguza, ipandishe iwe sentimita 35 hadi 45 juu ya ncha. Pili geuza ratiba, taa ziwake usiku wa kawaida na kuzima mchana. Hapo saa za taa zinaangukia wakati chumba kimepoa. Ila angalia: giza lako sasa litakuwa mchana wa joto, hivyo kama chumba chenyewe mchana kinafika 28 utakuwa umebadilisha tatizo. Pima chumba bila taa siku moja kabla ya kuamua. Tatu hewa inayoingia iingilie sehemu ya chini, penye baridi, na inayotoka ipitie juu kabisa.

Usingoje maua ya sasa yapone. Yaliyokwisha pata joto wakati bado ni matumba yana chavua mbovu tayari. Angalia yale yatakayofunguka wiki mbili baadaye.

Fundi_Waya
Na usishushe joto kwa kumwaga maji sakafuni mwa hema. Unyevu utapanda na utarudi kwa Chavua kulia ukungu.

Zeze la Shambani
Kuna suala la ua la kwanza. Wapo wanaosema likatwe, wapo wanaosema liachwe.

Kikonyo
Inategemea aina. Hoho na pilipili tamu za matunda makubwa, likate. Tunda linalokaa kwenye panda linanyonya chakula, mmea unadumaa ukiwa bado mdogo, na tunda lenyewe linabanwa na mashina linatoka limepinda. Pilipili kichaa na aina za matunda madogo, hakuna tofauti ya kuhangaikia. Kama mmea uko chini ya sentimita 25 kata, ukiwa mkubwa acha.

Kwa hoho za ndani ambako kimo ni shida, bakiza mashina mawili juu ya panda, kila moja lifungwe kamba ya kushuka toka juu, na vitawi vya pembeni vikatwe baada ya jani la kwanza au la pili. Kwa pilipili kali, kata ncha mapema, mmea ukiwa na majani 6 hadi 8, uwe kichaka. Kukata ncha wakati matumba yameshatoka kunakurudisha nyuma wiki kadhaa.

MamaMiche
Mimi hoja yangu ni kuoza kitako. Tunda limeshika, limefika ukubwa wa kidole gumba, upande wa chini unaweka doa la kahawia lililolainika kisha linakauka kama ngozi. Kila mtu anasema kalsiamu. Nimeweka kalsiamu na bado.

TaaNaMche
Dada, kalsiamu huenda ipo kwenye udongo, ila haifiki kwenye tunda. Kalsiamu inasafiri na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi, na maji yanakwenda kunakotoa mvuke, ambako ni majani. Tunda halitoi mvuke mwingi, kwa hiyo linapata mabaki. Udongo ukikauka kisha ukafurikishwa, mkondo unakatika, na tunda linalokua haraka ndilo linaloumia. Hewa kavu mno inazidisha, kwa sababu majani yanavuta maji yote. Chumvi nyingi kwenye udongo inazidisha pia, na potasiamu au amonia iliyozidi inashindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi.

Kunyunyizia kalsiamu juu ya tunda hakusaidii sana. Rekebisha maji. Inua ndoo baada ya kumwagilia uzoee uzito wake, mwagilia tena ikipungua karibu nusu ya maji hayo, usingoje majani yalale. Kila mara mwagilia mpaka asilimia 10 hadi 20 ya maji itoke chini, na maji hayo yamwagwe, yasibaki kwenye sahani. Pima EC ya yanayotoka: yakizidi yanayoingia kwa zaidi ya 1.0, chumvi inajikusanya. Matunda yenye doa yatoe, hayaponi.

Na ndoo ndogo inakuletea shida hii hata ukiwa makini. Mmea mkubwa wa hoho kwenye lita 5 unakauka kabla siku haijaisha. Lita 11 hadi 20 kwa mmea uliokomaa.

Chavua
Mtu atauliza vinundu kama chunusi chini ya majani, nijibu kabisa: si wadudu wala ugonjwa. Mizizi inaleta maji kuliko jani linavyoweza kutoa, seli zinavimba na kupasuka. Hutokea hewa ikiwa na unyevu mwingi na haitembei, na zaidi chini ya LED zenye bluu kidogo. Punguza maji ya jioni, ongeza hewa. Majani yenye vinundu hayarudi laini, angalia mapya.

Mgeni_Bustanini
Wadudu je? Nilidhani ndani hawafiki.

Kikonyo
Ndani ndiko wanastarehe, hakuna mvua wala maadui zao. Wanaingia na udongo, mche wa kupewa, au nguo.

Thiripi ndiye adui wa maua hasa. Vunja ua juu ya karatasi nyeupe ulipigepige. Vitu vyembamba vya rangi ya majani makavu vikikimbia, ndio hao. Wanakula chavua na kukwaruza kitako cha tunda changa, likikua lina makovu. Karatasi za gundi za bluu zinawanasa, za njano ni za inzi weupe na vijinzi vya udongo.

Utitiri mpana, Polyphagotarsonemus latus, ndiye anayeumiza vichwa. Ana urefu wa milimita 0.2 hivi, macho hayamwoni. Majani machanga yanatoka membamba, magumu, yamejikunja kuelekea chini, matumba yanakuwa ya shaba na kudondoka. Watu wanadhani ni virusi au upungufu wa kalsiamu. Salfa ya maji inamuua, lakini usipulizie joto likiwa juu ya 30, wala ndani ya wiki mbili za kupulizia mafuta ya aina yoyote, utachoma majani. Wadudu rafiki aina ya Amblyseius swirskii wanakula utitiri huu na thiripi pia. Hao na salfa hawakai pamoja.

Vidukari na utitiri mwekundu: sabuni ya potasiamu kwa asilimia 1 hadi 2, chini ya majani ilowe kabisa, rudia baada ya siku 4 au 5 mara tatu kwa sababu mayai hayafi. Pulizia taa zikiwa zimezima au zimekaribia kuzima, feni ikizunguka ili majani yakauke. Epuka maua yaliyofunguka, sabuni inaharibu chavua.

Zeze la Shambani
Na ubwiri unga?

Kikonyo
Wa pilipili, Leveillula taurica, unaonekana tofauti na wa matango. Juu ya jani kuna madoa ya njano, unga mweupe uko chini. Majani yanadondoka mengi na matunda yanaungua na mwanga. Geuza majani mara moja kwa wiki. Salfa inafaa kama kinga, haifai sana ukishaenea.

TaaNaMche
La mwisho upande wangu kabla wengine hawajaongeza. Matunda yakishakuwa mengi, mmea unaacha kushika mapya, maua yanadondoka hata kama hali zote ni nzuri. Hiyo si kasoro, chakula kimegawanywa kikaisha. Hoho ina tabia hii zaidi: inabeba kundi, inapumzika, inabeba jingine. Ukitaka ziendelee, vuna baadhi zikiwa kijani zilizokwisha komaa, ukuta mgumu na ngozi inayong'aa. Kutoka kushika hadi ukubwa kamili wa kijani ni kama siku 35 hadi 50 kwa hoho, na rangi inachukua wiki chache zaidi. Kata kikonyo kwa mkasi. Ukivuta kwa mkono unapasua tawi pamoja na matumba ya juu yake.

Mgeni_Bustanini
Nimepima chumba bila taa: mchana 25, usiku 21. Naona kugeuza ratiba inafaa?

TaaNaMche
Hapana, hapo usigeuze. Giza kwenye 25 bado ni juu. Chumba chako usiku ni 21 na hema lako linabaki 26, maana yake hewa ya hema haitoki taa zikizima. Anza na feni usiku kucha na taa asilimia 60. Ukishuka hadi 22 umefika karibu vya kutosha kwa pilipili mbuzi. Ukishapata namba za siku tatu mfululizo, ziweke hapa pamoja na unyevu wa usiku.